Vespa ya baba yangu na pampu ya baiskeli

Mkono wa mafuta ulikuwa umerudi mpaka mwisho, hakuna aliyeugusa, na injini bado inapanda. Inapanda tu. Mwanangu kachuchumaa upande wa kulia, mimi nimeshika usukani, jirani katoa kichwa dirishani anauliza kama tunarusha ndege. Nikazima funguo. Ikanyamaza, moshi ukabaki umetanda uani, nami nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Kabureta hiyo."

Haikuwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ilinichukua wiki tano kukubali, na aliyenitoa huko ni kijana wa miaka 14 mwenye pampu ya baiskeli ya kuazima. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kazi za namna hii, mzazi na mtoto na chombo kikuukuu, nimeziona zikifa pale pale ilipotaka kufia yetu: chombo kishawaka, kazi ya jasho ishapita, kimebaki kitu kimoja kisichoeleweka na watu wawili waliochoshana.

Chombo chenyewe ni Vespa PX 150. Baba aliinunua mwaka 1986 na akaipanda mpaka magoti yalipomkataa. Mwaka 2009 aliiingiza kwenye banda la kuni nyuma ya nyumba yake Bububu, hapa Unguja, akaifunika magunia, na tangu hapo kuku ndio waliokuwa wakiitumia. Mmoja alikuwa akitaga juu ya kiti. Mimi nina picha kichwani ya kusimama mbele, kati ya mikono yake, nimeshika pembe za usukani, upepo wa bahari unanipiga usoni, naye ananiambia nisiguse breki. Kwa hiyo baba alipofariki, nilikitaka kile chombo kuliko kitu chengine chochote mle ndani.

Hapa pana jambo ambalo watu hulirukia. Vespa ya marehemu ni mirathi, si ya yule aliyeipenda zaidi. Kaka zangu wawili wana fungu kubwa kuliko langu, na hata kama kila mtu anaona ni chuma chakavu, chuma chakavu kikishapigwa rangi na kuwaka huwa mali. Nimeshaona ndugu wakinuniana kwa kitu kama hicho. Nilikwenda kwao kabla sijafungua nati hata moja, nikaomba wanipe mafungu yao, tukaandikiana na mashahidi. Walicheka sana. Mkubwa akamwambia mwanangu, "Mjomba, mama yako anataka kukufanya fundi wa makopo." Kijana hakusahau neno hilo, na nadhani lilisaidia.

Tulianza mwezi wa pili, Jumamosi baada ya mwanangu kutoka chuoni, yaani madrasa, na mimi kumaliza kusahihisha madaftari. Nasomesha fizikia skuli ya sekondari. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Wiki za mwanzo zilikuwa za raha. Kila kitu kilikuwa kigeni kwake. Alipoona gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu akaniuliza mkono wa pili umevunjika lini. Haukuwahi kuwapo. Corradino D'Ascanio, aliyeichora vespa ya kwanza kwa kampuni ya Piaggio mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hakuzipenda: minyororo inachafua suruali, na tairi likitoboka ni shughuli kulitoa. Akalitundika gurudumu la mbele upande mmoja, kama gurudumu la ndege, na la nyuma akalipachika moja kwa moja kwenye mhimili unaotoka kwenye injini, mnyororo akautupa. Hata jina, vespa, kwa Kitaliano ni nyigu. Kijana alilipenda zaidi hilo la nyigu kuliko maelezo yangu yote.

Kutu ndiyo hadithi ya kila chuma katika kisiwa hiki. Bodi ya vespa ni bati lililokunjwa, haina fremu ya bomba kama pikipiki nyengine, kwa hiyo bati likioza, chombo kizima kimeoza. Kwa macho sakafu ya kuwekea miguu ilikuwa na rangi yake. Nikampa kijana bisibisi, nikamwambia agonge polepole kwa kichwa cha mpini na asikilize. Sehemu nzima inalia "ting". Penye kutu panalia kama unagonga boksi la viatu. Akaenda akigonga na kuchora duara kwa chaki, na tulipoipindua, kila duara lake lilikuwa juu ya ule mkanda wa bati unaopita chini ya sakafu, mahali ambapo maji ya mvua na chumvi hukaa yasikauke. Mle ndani palikuwa na unga mwekundu tu. Kuchomea hatukujaribu wenyewe. Bati jembamba halina msamaha kwa mtu anayejifunza, na ubavu wa chombo ukikaa upande, hakitakwenda moja kwa moja tena. Tulikipakia kwenye gari ya ng'ombe mpaka kwa mchomeaji.

Tangi lilikuwa na kutu na mafuta yaliyogeuka lami. Siki siku mbili, na ndani yake kipande cha mnyororo wa baiskeli wa kutikisia. Kisha magadi na maji kuua ile asidi, kisha kukausha juani na kuzungusha oili ndani bati lisianze upya. Kijana alilitikisa lile tangi kama anapiga ngoma mpaka bibi yake akatoka kuomba amani.

Oili nayo ikampa kazi yake mwenyewe ya kwanza. Injini hii ni ya mipigo miwili, haina oili yake chini ya kuisukumia pistoni. Inakunywa oili iliyochanganywa na petroli, asilimia mbili. Yaani mililita 20 kwa kila lita, na tangi la lita 8 likijaa ni 160. Ikipungua, pistoni inakwama. Ikizidi, plagi inalowa na mtaa mzima unajua umerudi nyumbani. Akaenda kuchukua chupa ya kunyonyeshea ya mdogo wake, iliyokwisha kazi, yenye alama za mililita ubavuni, akaandika juu yake kwa wino mweusi OILI TU, MTOTO ASIPEWE. Chupa ile ipo mpaka leo na hakuna anayeruhusiwa kuchanganya ila yeye.

Nyaya zilikuwa somo la pili. Waya wa klachi, wa breki, wa mafuta na zile mbili za gia zote zinapita ndani ya bodi, gizani, na huwezi kuziona. Ukishachomoa waya wa zamani bila kuufunga mpya mkiani mwake, umejitafutia siku nzima ya kuvua samaki kwa sindano. Nilimwambia. Wa kwanza akauchomoa vivi hivi. Siku nzima ikaenda. Zilizobaki alizifunga mwenyewe kwa uzi wa kushonea, fundo akalipaka sabuni lipite.

Mpaka hapo mambo mazuri. Sasa niseme palipoharibika.

Chombo kiliwaka mara ya kwanza mwezi wa sita, kwa kiki ya tisa au ya kumi, na sote tukaruka. Kikaenda vizuri dakika kama kumi. Kisha kikaanza kupanda chenyewe, kama nilivyoeleza. Nikatoa kabureta, nikaifungua juu ya kanga kuukuu, nikapuliza jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli, nikaosha, nikarudisha. Kikaenda vizuri dakika kumi. Kikapanda tena. Nikaitoa tena.

Ile "vizuri dakika kumi" ndiyo iliyonifunga macho. Kila nilipoosha kabureta, injini ilikuwa imekaa saa mbili tatu bila kuwashwa, kwa hiyo imepoa. Ikiwaka baridi inatulia, nami nasema: unaona, imesikia. Sikuwahi hata mara moja kuiacha ipoe bila kugusa kabureta nione kama itatulia vilevile. Ningemkuta mwanafunzi wangu wa kidato cha pili kafanya jaribio la namna hiyo, vitu viwili vimebadilika kwa pamoja naye anakisifu kimoja, ningemrudishia daftari. Uani kwangu nililifanya mara sita.

Na kadiri nilivyokosa, ndivyo nilivyozidi kumpokonya spana. Halikuwa jambo la ghadhabu. Ni lile la "hebu, lete nikuoneshe", kisha kazi inaishia mkononi mwangu na yeye kashika tochi. Kazi ya kushika tochi haimtoshi kijana wa miaka 14. Jumamosi ya wiki ya tatu akaomba ruhusa aende mara moja kwa fundi wa baiskeli wa pale njia panda. Jumamosi iliyofuata hakuomba, alikwenda tu. Mimi nikawa najiambia ameshachoka, watoto wa siku hizi hawana subira, na maneno mengine ambayo mtu hujiambia. Nikaagiza jeti mpya na gasketi kutoka Kariakoo, mtaa wa Gerezani, kupitia kwa mtu anayevuka na boti. Zikaja, nikazifunga peke yangu. Dakika kumi.

Alirudi uani siku moja ya kawaida, jioni, kachafuka mikono kwa solushen ya kuzibia pancha. Injini ilikuwa inapiga kelele ile ile, kichujio cha hewa nimekitoa. Bila kuniuliza akaweka kiganja juu ya mdomo wa kabureta, akauziba. Injini ya namna ile ukiiziba pua inatakiwa ife hapo hapo. Hii ilikohoa, ikashuka, ikaendelea kujivuta kwa muda kabla ya kukata. Akaniangalia.

"Mama, inavuta pumzi kwengine."

Kama una injini ya mipigo miwili, neno hilo ndilo kiini cha kisa hiki chote. Chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwenye injini hizi ni mfano wa pafu. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, kinausukuma juu kwenye silinda. Kwa hiyo chumba kile kinatakiwa kisivuje kabisa, ilhali krenki inatoka nje pande zote mbili: upande mmoja kwenye klachi, upande mwengine kwenye gurudumu la sumaku lenye mapezi ya kupulizia upepo. Pande zote mbili kuna sili ya mpira. Sili ya upande wa klachi ikiisha, injini inafyonza oili ya gia na kutoa moshi mzito usiokoma, na oili ya gia, ambayo kwenye PX ni mililita 250 tu, inapungua bila kudondoka chini. Ya upande wa sumaku ikiisha, hakuna oili ya kufyonza huko, inafyonza hewa tupu. Hewa ikizidi petroli, injini inapanda yenyewe, inapata joto, na oili kwenye mchanganyiko inakuwa kidogo mno kwa kasi ile. Ukiiendekeza, pistoni inakwama. Na mpira uliokaa miaka 14 bila kuzunguka unakakamaa: ukiwa baridi, na oili bado nzito, unaziba kiasi; ukipata moto, nafasi inafunguka. Dakika kumi.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nayasomesha, tena kwa mchoro.

Tatizo ni kuthibitisha. Sikutaka kosa la saba. Nikawa natafakari kipimo gani kinafaa, wapi nitapata geji, na yeye akasema kwa nini tusiitie upepo kama tairi, tukaipaka sabuni. Kwa fundi wa baiskeli alikuwa ameshaona mara mia: tyubu inajazwa, inazamishwa kwenye beseni, povu linakuonesha tundu.

Tulifanya hivi. Kabureta na boksi lake vikatoka. Sailensa ikatoka, na tundu la moshi kijana akaliziba kwa kipande cha kandambili alichokichonga kwa kisu na kukikaza kwa klipu. Plagi ilibaki mahali pake. Pale juu, kabureta inapokaa, kuna mdomo ambao krenki yenyewe huufunga na kuufungua ikizunguka. Nikasukuma kiki kwa mkono taratibu mpaka nikaona mdomo uko wazi. Halafu akaleta kipande cha tyubu kuukuu, amekikata mraba, katikati yake kikiwa na valvu yake ya kujazia. Akakilaza juu ya mdomo, akaweka juu yake kibao chenye tundu la kupitisha valvu, na bolti mbili ndefu za kabureta zikakikaza kibao. Mpira ule ule ulikuwa gasketi na ulikuwa mlango wa upepo. Mimi nisingeliwaza hilo.

Gurudumu la sumaku lilitakiwa litoke ili tuione sili. Nati moja katikati, na pula ya kukodi, kwa sababu ukilibandua kwa bisibisi unavunja mapezi. Nyuma yake kuna sahani ya koili yenye skrubu tatu, na sahani hiyo ikikaa hata kidogo pembeni, cheche inapiga wakati siwo. Kabla ya kuigusa akaiwekea alama kwa rangi ya kucha ya dada yake, mstari mmoja unaoanza kwenye sahani na kuishia kwenye injini. Nyekundu. Haikufutika kwa petroli, japo nilitarajia itafutika.

Pampu mbili, tatu, basi. Ukizidisha unaing'oa sili yenyewe na hujui tena kama ilikuwa mbovu. Mimi nikapampu, yeye akapaka povu kwa burashi ya babu yake ya kunyolea, tuliyoikuta ndani ya kile kisanduku cha mbele cha vespa pamoja na risiti zilizoliwa na mende. Kwenye kiungo cha silinda, kimya. Kwenye kibao, povu dogo, akakaza bolti, likakoma. Akapaka kuzunguka krenki.

Povu likafumuka duara moja kubwa, upande wa chini, kama mtoto anayepuliza mate. Likapasuka. Likafumuka jengine hapo hapo.

Hatukusema kitu. Nikapampu tena ili tulione tena.

Sili ilipatikana Darajani, duka la pili tuliloingia, na bei yake haikuzidi bakuli chache za urojo. Vespa za namna hii zilitengenezwa India pia, kwa hiyo spea ndogo hazijawahi kuwa adimu sana hapa. Kuibadilisha hakukuhitaji kuipasua injini: ya upande huu inatoka kwa nje. Ile kuukuu ilipotoka, aliikunja kwa vidole, ikavunjika kama bisikuti. Mpya ikapakwa oili kwenye mdomo wake, ule upande wenye springi ukaangalia ndani. Hapo nilijikuta nanyoosha mkono kuchukua ile sili kutoka kwake. Nikaurudisha. Aliigonga mwenyewe kwa soketi kuukuu na nyundo, pole pole, kila pigo anapima kwa kidole kama imekaa sawa kote. Alama ya rangi ya kucha ikaoana na mwenzake. Jaribio la sabuni tukalirudia kabla ya kufunga chochote, na safari hii lilikaa kavu.

Iliwaka kwa kiki ya pili. Tukaiacha dakika 20 kwa saa. Ilipotimia ya kumi na moja alikuwa anaangalia saa kuliko injini.

Rangi tuligombana kidogo: yeye anataka nyeusi isiyong'aa, mimi nataka ile samawati ya baba. Tulipoisugua kwa sabuni na nta tukakuta samawati ipo, imepauka tu, na mikwaruzo ya funguo za baba iko pale pale kwenye kisanduku. Hatukuipaka. Sakafu mpya peke yake ndiyo iliyopigwa praima na rangi, na mpaka sasa rangi hiyo haijalingana na nyengine. Kwa wanaopenda kukifanya chombo kuukuu kiwe kama kimetoka kiwandani, hii ni kazi nusu. Sawa.

Wiki tano zile nimezihesabu mara nyingi. Spea nilizonunua bure ni jeti mbili, gasketi na sindano ya kabureta. Hizo zinavumilika, ziko kwenye droo. Jumamosi mbili ambazo kijana alikuwa njia panda nami nikamwita mvivu sina pa kuziweka. Kaka yangu mkubwa alipokuja kuiona aliniuliza fundi gani ametafuta hitilafu. Nikamwonesha. Akamwita "fundi wa makopo" tena, lakini safari hii alimpa mkono.

Hajafikia umri wa leseni, kwa hiyo ninayeendesha ni mimi. Yeye anakaa nyuma na kulalamika kwamba nabadilisha gia mapema. Koki ya mafuta inavuja kidogo, na honi inalia ikitaka. Kila usiku anaweka kipande cha boksi chini ya injini, na asubuhi, kabla ya skuli, anakivuta, anazungushia kila tone duara kwa kalamu na kuandika tarehe. Jana matone matatu. Leo mawili, lakini moja linanuka petroli na jengine halinuki, naye ameondoka skuli bila kuniambia anashuku nini.